Buli la Bibi

"Dada, hii birika yenu ndiyo mubaya ao mimi ndiye nilikosea?"

Mwanamke yule aliliweka buli juu ya meza, hapa dukani kwetu Sandton, akafunua kifuniko. Lilikuwa buli la chuma, zito, jeusi, lenye vipele vidogo vidogo mwili mzima, kazi ya Wajapani. Ndani kutu ilikuwa imetapakaa.

"Uliliweka motoni?" nikamuuliza.

"Ku makala. Si ni birika?"

"Hili si la kuchemshia. Unatia maji yaliyokwisha kuchemka, chuma kinalinda joto. Hukuambiwa?"

"Bwana yangu hakuniambia kitu. Alinitumia tu Bukavu. Nilikuta karatasi ya duka yenu mu carton."

Nikaligeuza. Chini palikuwa na mkwaruzo ninaoujua. Bosi wangu alinipa buli hilo kwa sababu ya mkwaruzo huo, nami nikalifunga kwa mikono yangu, nikampa mchumba wangu amtumie bibi yake.

"Mume wako anaitwa nani?"

"Placide. Anashona nguo Troyeville. Nimefika juzi, nilikuja kumushitukiza."

Juzi hiyo hiyo Placide aliniandikia: "Chérie, niko na kazi mingi. Tutaonana Ijumaa." Ijumaa ndiyo siku ya ndoa yetu.

Nikajipa moyo kwamba labda kuna mkanganyiko.

"Na bibi yake, yule mzee wa Bukavu, hajambo?"

"Muzee gani? Bibi yake ni mimi, Falonne."

"Nasema bibi. Aliyemzaa mama yake."

"Aah, koko." Akacheka. "Koko alikufa Placide akiwa mutoto mudogo. Kumbe munajuana na bwana yangu?"

"Hutushonea vitambaa vya meza," nikadanganya.

"Basi mumwambie apunguze mambo yake. Alinitumia hata dawa ya magoti. Mimi niko na miaka makumi tatu na moja."

Dawa ile nilinunua mimi. Na shali ya sufu, na ndara za mpira ili mzee asiteleze bafuni. Kwetu Tanga bibi ni bibi, mtu wa kukuombea dua. Placide aliponiambia siku ya kwanza, "Mimi niko na bibi Bukavu, namutunza," nilimpenda papo hapo. Mwanaume anayemjali bibi yake hawezi kunitupa, nilijisemea. Mjinga mimi.

Nikamwelekeza Falonne asilisugue buli kwa sabuni, atie majani ya chai na maji ya moto, aliache litulie, kisha alikaushe. Nilimwelekeza vizuri, taratibu.

Alipoondoka niliomba ruhusa, nikapanda teksi kwenda Troyeville. Njia nzima nilikuwa namtetea Placide. Ni lugha tu, nilijiambia. Kwao bibi ni mke, alisema kweli, mimi ndiye sikusikia. Kama na yeye hakujua kwamba sikuelewa, basi hakuna aliyemkosea mwenzake, na labda kuna cha kuokoa. Nilishikilia hicho tu.

Nilimkuta kwenye cherehani.

"Falonne alikuja dukani."

Mguu wake ukasimama.

"Kidawa, kaa kwanza."

"Sikai."

"Sikukudanganya. Siku ya kwanza nilikuambia niko na bibi. Ukasema ni vizuri, nimutunze. Ukatuma zawadi. Nikawaza, hawa Waislamu wanakubali, wa kwanza na wa pili."

"Mke wa pili anamtumia mwenzake dawa ya magoti?"

Akachomoa kitambaa kwenye cherehani.

"Nijibu hili moja, Placide. Ulijua lini kwamba sikuelewa?"

"Eish, Kidawa."

"Lini?"

"Mwaka ule ulipita. Ile siku uliniuliza kama bibi bado iko na meno."

Nilikuwa nimempikia visheti, nikahofia vitamshinda kutafuna.

"Ukanijibu nini?"

"Niliogopa kukupoteza."

"Ulinijibu nini?"

Alikunja kipande cha kitambaa, akakikunjua.

"Nilisema amebaki na matatu."

Nakumbuka tulicheka wote siku ile. Mimi nilimcheka bibi kizee wa watu asiye na meno, nikasema visheti vyangu nitavifanya laini. Yeye alikuwa ananicheka mimi. Mwaka mzima.

"Nakupenda kweli," akasema. "Hiyo si uongo."

"Najua. Na mimi nakupenda. Ndiyo maana nataka kufa."

Nikatoka. Kwenye robot ya kwanza, taa za barabarani, simu ikalia, ujumbe kutoka kwa mdogo wangu Mansour: "Da Kidawa, shehe anauliza Placide akisilimu atachukua jina gani. Anataka kuandaa cheti."

Nikamjibu kwa maneno mawili ambayo hakuna mtu wa Tanga atakayeyakosea: "Ana mke."

Taa ikawa ya kijani, watu wakavuka, mimi nikabaki pale pale. Dakika mbili hazikupita, simu ikaita. Alikuwa mama. Tangu siku niliyomtajia Placide, akamkataa, hakuwahi kunipigia hata mara moja, na mimi nilikuwa nimeapa kumwonyesha kwamba alikosea. Nikalitazama jina lake kwenye kioo cha simu, ikaita mpaka ikakatika.