Mtungi Uliopasuka Kabla ya Maonyesho

Kila siku masomo yalipokwisha, Chiriku alikwenda moja kwa moja karakanani kwa mama yake. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na jina hilo alibandikwa kwa sababu ya mdomo wake usiopumzika. Karakana yenyewe ilikuwa chumba kirefu nyuma ya duka la fundi baiskeli. Wanawake watatu walikitumia kwa pamoja. Kulikuwa na mama yake, aliyechora picha kwa rangi. Kulikuwa na mwanamke mtu mzima aliyefinyanga vyombo, ambaye Chiriku alimwita Bibi Mfinyanzi. Na kulikuwa na mchongaji wa vinyago vya mbao, dada mmoja aliyeitwa Patasi, kwa kazi yake na kwa ukali wa ulimi wake pia.

Zilipobaki wiki tatu kabla ya maonyesho yao ya pamoja katika ukumbi wa maktaba, mle ndani hamkukalika. Patasi alipopiga msasa alifungua dirisha ili vumbi litoke. Bibi Mfinyanzi alilifunga kwa kishindo.

"Upepo utanikaushia udongo! Nimesema mara ngapi?"

"Na mimi nimeze vumbi mpaka lini? Mapafu yangu hayana spea," Patasi alijibu.

"Jamani, tufanyeni kazi," mama alisema, na wote wawili wakamgeukia yeye kwa macho makali.

Ijumaa moja Bibi Mfinyanzi alisimama mbele ya picha ya mama, ya wanawake wakianua nguo mvua ikikaribia. Aliitazama, akabetua midomo.

"Hii ndiyo utakayotundika karibu na mtungi wangu? Watu watadhani mwanao ndiye aliyechora."

Mama alichukua brashi ambayo tayari ilikuwa safi, akaiosha tena, na tena. Chiriku aliyaona machozi yakimlengalenga. Damu ikamchemka.

Kesho yake asubuhi mama alimtuma akafungue karakana na kufagia. Mtungi ulikuwa pembeni, umefunikwa gunia bichi na karatasi ya nailoni. Ulimfika Chiriku kifuani, na shingoni ulizungukwa na nyuso za wanawake kumi na wawili, kila mmoja na sura yake. Bibi Mfinyanzi alikuwa ameutumia mwezi mzima. Chiriku alijua fika kwamba udongo wa namna ile hukaushwa polepole. Wimbo huo aliusikia kila siku. Akaufunua hata hivyo. Akafungua dirisha, jua likaupiga mtungi ubavuni.

"Na wewe ujue uchungu," alinong'ona.

Saa sita alilowesha gunia, akaufunika kama ulivyokuwa, akafunga dirisha.

Jumatatu alasiri alikuta ugomvi umekwishawaka. Mtungi ulikuwa umepasuka kutoka mdomoni hadi tumboni, ufa wa kupitisha kidole.

"Nani mwingine anayefungua dirisha humu?" Bibi Mfinyanzi alifoka. "Umenimaliza, Patasi! Kijicho tu!"

"Sijakanyaga hapa tangu Ijumaa! Jumamosi nilikuwa nanunua mbao!"

"Mwongo mkubwa!"

Chiriku alisimama mlangoni, mkoba ukimning'inia begani. Hakuna aliyemshuku yeye aliyetumwa kufagia tu, naye siku hiyo hakutoa neno. Jumanne vilevile. Bibi Mfinyanzi na Patasi hawakusalimiana. Kila mmoja alipitisha maneno yake kwa mama. Mama naye alichoka kuwa katikati, akawafokea wote, hata Chiriku aliyekuwa amekaa pembeni akijifanya anasoma.

Jumatano alimkuta Patasi akipakia vinyago vyake kwenye mkokoteni mlangoni, Bibi Mfinyanzi akiwa ndani amempa mgongo.

"Ukiondoka ukumbi tunanyang'anywa," mama alimsihi. "Tulipewa kwa sababu tuko watatu."

"Basi onyesheni ninyi wawili. Mimi siwezi kufanya kazi pahali ninapoitwa mharibifu."

Patasi akajifuta macho kwa kiganja chenye vumbi. Hapo Chiriku akapiga moyo konde.

"Dada Patasi, usiende. Ni mimi. Mimi ndiye niliyeufunua mtungi."

Mama alishika ukingo wa meza.

"Unasema nini wewe?"

"Bibi aliicheka picha yako, mama. Nikataka naye aumie." Machozi yakamtoka. "Nisamehe, Bibi. Nisamehe, dada."

"Siku tatu!" Patasi alisema. "Siku tatu natukanwa, na wewe umekaa hapo unanitazama!"

Bibi Mfinyanzi hakupaza sauti. Alimgeukia Patasi kwanza. "Nilikuhukumu kwa ajili ya dirisha tu. Nisamehe." Patasi aliitikia kwa kichwa, uso bado umekunjamana, akaanza kurudisha vinyago ndani.

Kisha Bibi akachukua nyundo, akauvunja mtungi mwenyewe, akavitia vipande katika pipa la maji. "Haujachomwa bado, utalainika. Wewe utaukanda. Kila siku, mpaka nikwambie basi."

Chiriku alikanda hadi mikono ikafa ganzi. Bibi hakumchekea hata mara moja. Muda wa kufinyanga mtungi mwingine haukuwepo, kwa hiyo alitengeneza vikombe kumi na viwili vyembamba, kila kimoja na uso wake, vikauke upesi viingie tanurini.

Siku ya maonyesho watu walijaa. Wanawake wale watatu walibishana hadi dakika ya mwisho kuhusu kazi ya nani ikae wapi, lakini picha ya mama ilitundikwa juu ya vikombe, na aliyeipigilia msumari ni Patasi. Wageni walisimama mbele ya picha hiyo muda mrefu.

Chiriku alimsogelea Bibi Mfinyanzi. "Bibi, umenisamehe?"

Bibi alikiweka sawa kikombe kimoja kilichokaa upande.

"Kuhusu mtungi, ndiyo. Mama yako nilimkosea, na nimemwambia hivyo. Ungeniambia usoni kwamba nimemuumiza, ningekasirika, lakini ningesikia. Wewe ukachagua kisasi, kisha ukajificha nyuma ya mtu asiye na kosa. Udongo niliulowesha nikaufinyanga upya. Zile siku tatu nilizomwita mwenzangu mwongo, sina maji ya kuziloweshea. Ukikosea, sema siku hiyohiyo, mwanangu, kabla mtu mwingine hajaubeba mzigo wako."

"Nimesikia, Bibi."

"Haya, nenda kawakaribishe wageni."