Kifuniko Kimoja kwa Ubeti Mmoja

Boti iligonga paa la ghala saa tatu asubuhi, na watu wazima wote wanne waliokuwamo walikuwa wamefumba macho.

Wangeyafumbua, wangeliona. Lilikuwa paa la bati jekundu, limetokeza juu ya maji ya mafuriko kwa kimo cha mtu mzima. Lakini kikundi chao, wahudumu wa afya wa kujitolea kutoka kanisani, kilikuwa na desturi yake: mgonjwa akizidiwa njiani, injini inazimwa, vichwa vinainama, na Bibi Sindano anaomba. Bibi Sindano alikuwa muuguzi mstaafu, na jina hilo alipewa na watoto aliowachoma kwa miaka thelathini. Maombi yake hayakujua njia ya mkato. Siku hiyo aliwaombea waliopoteza nyumba, akawaombea wapishi wa kambini, na alipofika kwa waliochanga mablanketi, mkondo ulishaichukua boti kitambo.

Pua ya boti ilipasuka. Mwendeshaji, ambaye siku za kazi alikuwa fundi wa pikipiki na Jumapili mwimbaji wa besi, alirushwa kifudifudi juu ya bati, likamchana paja. Wote walimwita Fundi. Daktari, mwanamke kijana aliyekuwa ameinua chupa ya dripu, aliiachia chupa na kumkamata mama wa mgonjwa kwa nguo. Mama huyo alikuwa amemkumbatia binti yake wa miezi kumi na minne, naye hakumwachia. Wakavutana, wakasukumana, wakapanda. Boti ikazunguka mara mbili, ikajaa maji, ikaenda zake na sanduku la dawa, simu na dripu zote.

Mkononi mwa mtoto, pale ilipokuwa sindano ya dripu, palibaki tone la damu.

Mtoto alikuwa ameharisha na kutapika tangu jana, katika darasa zilimolala familia kumi na moja zilizokimbia maji. Macho yalikuwa yamezama. Ngozi ya tumbo ukiifinya ilibaki imesimama hivyohivyo. Hospitali ilikuwa ng'ambo, mwendo wa saa nzima, na ile dripu ndiyo iliyokuwa imfikishe hai.

"Alikojoa lini mara ya mwisho?" Daktari aliuliza.

"Jana mchana. Dokta, atakufa?"

Daktari hakujua kupaka maneno sukari. "Asipokunywa, ndiyo. Kwa hiyo atakunywa."

Bibi Sindano alijipapasa mfuko wa koti lake jeupe. Akatoa pakiti tatu za unga wa kurudisha maji mwilini, kavu kabisa ndani ya karatasi zake. Kila pakiti ilitaka lita nzima ya maji safi. Chupa ya lita iliyoning'inia kiunoni mwa Daktari ilikuwa na mafunda mawili.

"Si uchanganye hivyohivyo?" mama alisihi. "Au niteke haya hapa."

"Haya yamepita kwenye vyoo vya mtaa mzima, dada yangu," Fundi alisema.

"Na unga ukizidi maji, chumvi itamkausha zaidi," Daktari akaongeza. Alikuwa akitazama upande wa pili.

Hatua ishirini kutoka ukingo wa paa kulikuwa na tangi jeusi la kuvunia maji ya mvua, juu ya nguzo zake za matofali. Kifuniko kilikuwa bado kimefungwa. Kati yao na tangi ulipita mkondo, umebeba magogo, madumu na mlango wa kabati la mtu.

Kamba ya kufungia boti ilikuwa imenyofoka na pete yake, ikabaki imemzunguka Fundi mguuni. Aliifungua, akafunga ncha moja kiunoni na kuwaachia wanawake nyingine, akajitundika chupa ya Daktari shingoni, akalikaza paja kwa kilemba cha Bibi Sindano.

"Na damu yote hiyo?" Daktari aliuliza.

"Damu ninayo nyingine, Dokta. Maji ndiyo hatuna."

Bibi Sindano alifungua mdomo. Wote walimgeukia, maana walijua kinachofuata. Akaufunga.

"Nenda," alisema. "Macho wazi."

Fundi aliingia majini kutoka ncha ya paa iliyokuwa upande mkondo ulikotokea, ili mkondo umshushe kuelekea tangini. Mara ya kwanza ulimpitisha mbali. Wanawake wawili wakamvuta, visigino vikiteleza kwenye bati, viganja vikichunika, hadi akarudi akikohoa matope. Mara ya pili ule mlango wa kabati ulimpiga begani, akazama, kamba ikalegea. Bibi Sindano alianza kuhesabu kwa sauti. Alipofika kumi na mbili, mkono ukaibuka na kuikumbatia nguzo.

Alifunga kamba pale, akapanda, akafungua tangi. Lilikuwa limejaa mpaka mdomoni. Akarudi akijivuta kwenye kamba, chupa imefungwa shingoni.

"Leo besi imenitokea puani," alisema, akaanguka chali.

Daktari alikoroga pakiti ya kwanza. Kijiko hakikuwepo, kwa hiyo walitumia kifuniko cha chupa.

"Kimoja kila dakika. Mkiharakisha, atatapika yote."

"Dakika utaijuaje?" Fundi aliuliza kutoka pale alipolala. Saa ya Daktari ilikuwa imeingia maji na kusimama.

"Kuna wimbo," Bibi Sindano alisema. "Ubeti wake mmoja na kiitikio ni dakika kamili. Wodini saa ya ukutani ilikufa miaka saba, mapigo ya moyo niliyahesabu kwa wimbo huo."

Akampakata mtoto. Akaimba ubeti, akamimina kifuniko kimoja kwenye pembe ya mdomo mkavu. Akaimba ubeti, akamimina.

Kifuniko cha kumi na moja kilirudi pamoja na vyote vilivyotangulia. Mama alijifunika uso.

"Tunasubiri beti kumi, tunaanza upya," Daktari alisema. "Polepole zaidi."

Bibi Sindano alimfuta mtoto matapishi kidevuni. "Mwanangu," alimwambia mama, "mimi ndiye niliyekuponza. Ningefupisha tu…"

"Bibi," mama alimkata, "imba."

Akaimba. Jua likapanda, bati likawaka kama kikaango, wakamtengenezea mtoto kivuli kwa lile koti jeupe. Nyoka alijikokota kutoka majini, akajikunja mwisho wa paa.

"Mwacheni," Fundi alisema. "Naye ni mhamaji."

Alivuka tena na chupa, kisha tena, akijivuta kwa kamba, kila safari kwa taabu kuliko iliyotangulia. Kufikia saa saba sauti ya Bibi Sindano ilikauka. Fundi akaupokea wimbo kwa besi, meno yakigongana. Fundi alipochoka akaupokea Daktari, na hapo ikajulikana kwa nini hakuwahi kukaribishwa kwaya. Mwisho akaupokea mama mwenyewe. Hakuwa wa kanisa lao, na maneno hakuyajua kabla ya siku ile, lakini sasa alikuwa ameyasikia zaidi ya mara mia mbili. Aliimba akimtazama binti yake machoni, na kifuniko hakikukosa dakika.

Alasiri, katikati ya kiitikio, Fundi akiwa amerudi kukisaidia kwa besi, Bibi Sindano aliruka.

"Nini?" Daktari alishtuka. "Amefanya nini?"

Bibi Sindano alikuwa akitazama gauni lake. Doa lilikuwa likienea mapajani, la moto, kubwa.

"Amekojoa," alinong'ona. Kisha sauti iliyokuwa imekufa tangu saa saba ikafufuka yote: "Amekojoa! Amekojoa jamani!"

Ndivyo walivyowakuta waokoaji, ambao walikuwa wameifuata besi ya Fundi kutoka mbali wakidhani ni injini iliyoharibika: watu wanne wamekumbatiana juu ya paa, wanalia na kucheka, maji pande zote, wakishangilia mkojo.

Waliwapakia. Fundi alilazwa sakafuni, paja limevimba. Nahodha wa waokoaji alimjua Bibi Sindano na alizijua desturi zake. Akavua kofia, akanyoosha mkono kwenye swichi ya injini.

"Usizime," Bibi Sindano alisema.

Alibaki ameketi wima, mtoto mapajani, macho wazi juu ya maji.

"Mungu, asante kwa mkojo huu. Amina."

Nahodha alisubiri maombi yaendelee. Hayakuendelea. Bibi Sindano alikuwa ameshajaza kifuniko, na alikuwa akimtazama mama.

"Haya, mwanangu. Ubeti wa pili."