Siingii na Wewe Humo Ndani

"Vaa glavu, tunaingia."

"Siingii."

Daktari wa upasuaji aligeuka kama mtu aliyesikia vibaya. Mbele yake alisimama muuguzi wake wa chumba cha upasuaji, ambaye pia ni mkewe wa ndoa, kaifunga mikono kifuani.

"Mama Pacha, mgonjwa yuko kitandani ananisubiri."

"Ndiyo maana siingii. Nyoosha mkono wa kulia."

"Usinichezee kazini."

"Unyooshe, mume wangu."

Hakuunyoosha. Aliuficha nyuma, na hapo hata yeye akajua siri imekwisha. Mkono ule ulianza kutetemeka tangu msimu wa mvua. Nyumbani mke aliona chai ikimwagika, akanyamaza, akamwombea. Lakini jana, ndani ya tumbo la mtu, kisu kiliteleza. Mke ndiye aliyewahi kuubana mshipa, mgonjwa akapona. Leo je?

"Leseni yangu iko hai!" mume alifoka. "Baraza la Madaktari lilinisajili wewe ukiwa hujui hata kushika mkasi!"

"Lilisajili mkono uliotulia. Na sheria yao unaijua: ukipata ugonjwa unaogusa kazi, unakwenda mwenyewe wakupime. Usipokwenda wewe, nakwenda mimi."

"Utamshtaki mumeo?"

"Nitamwokoa yule mama aliyelala mle. Na wewe pia, mwenye kichwa kigumu."

Papo hapo akampigia daktari mwingine wa zamu, mume akimsikia.

"Daktari, njoo ushike upasuaji huu. Mume wangu hawezi."

Mume aliondoka bila kuaga. Jioni ujumbe ukaingia:

"Umenidhalilisha. Usirudi kwangu."

Mke akajibu bila kupepesa macho:

"Sema kwetu. Nakuja. Ukinifungia nalala kibarazani, majirani waje kuniuliza."

Mlango aliukuta wazi. Mume alikuwa amekaa sakafuni, jitu zima, analia.

"Nisipopasua, mimi ni nani?"

"Mume wangu. Na cheo hicho hakuna baraza la kukunyang'anya, labda mimi."

Akacheka huku kamasi zikimtoka.

Wiki hiyo hiyo wakaenda Barazani, wawili. Wakampima, wakamhoji, wakakata shauri: usajili unabaki, ila leseni inawekewa masharti. Kupasua basi. Aendelee kuwaona wagonjwa na kuwafundisha madaktari wanafunzi.

Ilimuuma daktari, haikufichika.

Mwenyekiti akavua miwani.

"Umesema aliyekuzuia ni mkeo. Bado mnaishi pamoja?"

"Muulize yeye."

Mama Pacha akasimama, ingawa hakuna aliyemwambia asimame.

"Tunaishi, mheshimiwa. Akitaka kununa, anune hadi mvi zimjae. Mimi sikuolewa na kisu."