Hakuteleza, Alivutwa

"Mzee aliteleza. Habari ndiyo hiyo," Biribo alinong'ona, amemshika Teretia kiwiko mlangoni pa ofisi. "Tena wewe usifungue mdomo. Nitakutafsiria kama kawaida."

"Lakini hakuteleza."

"Mpenzi, nikifukuzwa kazi, harusi yetu ya Desemba kule nyumbani, kisiwani Abaiang, ndiyo basi. Umenisikia?"

Walikuwa wametoka visiwa vya Kiribati pamoja kuja ng'ambo kutunza wazee katika makao haya ya mjini Rockhampton. Biribo Kiingereza alikimwaga kama maji. Teretia alikuwa na kile cha shule, cha kujibu ndiyo na hapana, na ripoti zake zote aliandikiwa na mchumba wake huku akichekwa.

"Kwako wewe kila mtu 'amekwenda' tu, hujui kitenzi kingine! Kobe amekwenda, ndege amekwenda!"

Kicheko hicho ndicho kilichompeleka kwa Mzee Clive wa chumba cha tisa, mwalimu mstaafu. Miezi mitatu, kila baada ya chai, mzee alimwigizia maneno. Alikunja uso. Alishtuka. Alikodoa macho, akapepesuka kama mlevi huku ameshikilia kitanda, na Teretia akataja kila kitendo kwa Kiingereza, akikosea, wakicheka mpaka machozi. Biribo hakujua lolote.

Jana Mzee Clive alivunjika nyonga. Yuko hospitalini, hakumbuki ilikuwaje. Teretia anakumbuka. Alikuwa mlangoni na sinia la chai.

Maureen, mkuu wao, akawakaribisha viti.

"Teretia, niambie ulichoona."

Biribo akamwambia mchumba wake kwa Kikiribati, "Tikisa kichwa." Kisha akamgeukia Maureen. "Anasema mzee alisimama mwenyewe, akateleza."

"Sijasema hivyo."

Kiingereza. Teretia alikisema mwenyewe, bila mkalimani.

"Mzee alikuwa ameketi. Biribo alikuwa na haraka, akamvuta mkono kwa nguvu. Mzee akakunja uso, akajikaza asisimame. Biribo akamvuta tena. Mzee akapepesuka, akajikwaa, akaanguka ubavu. Biribo akaruka nyuma. Hakumdaka."

"Huyu hajui maana ya maneno hayo!" Biribo alibwata. "Kakariri tu!"

Teretia akasimama.

"Sijui, eeh? Hebu lete mkono." Akamshika taratibu. "Huku ni kushika." Akamvuta ghafla, Biribo akayumba na kudandia meza ya Maureen, kalamu zikatawanyika sakafuni. "Huko ni kuvuta. Na ulivyofanya sasa hivi, bwana, ndiko kupepesuka."

Maureen akavuta karatasi.

"Biribo, tupishe. Teretia, anza tena, polepole. Naandika."

Saa kumi alasiri, Teretia akiwa kwenye kituo cha basi, simu yake ikalia. Biribo, ameshasimamishwa kazi.

"Umeniangamiza! Kumbe hukuwahi kunipenda?"

"Nilikupenda. Ungesema kweli ungefukuzwa, na mimi ningekushika mkono tukaanza upya."

"Basi mwambie yule mama ulichanganya maneno. Nakuomba."

"Sikuchanganya."

"Nani atakuoa wewe, na domo hilo?"

"Anayetaka mke. Wewe ulitaka bubu."

Akakata. Ujumbe ukaingia: *Utarudi kwangu ukilia.*

Teretia akajibu: *Kulia nitalia. Kurudi, sahau. Pete nimeiacha mapokezi, kaichukue.*

Alilia kweli, pale pale kituoni, mpaka basi la hospitali lilipofika. Akafuta uso kwa kiganja, akapanda.

"Unakwenda wapi, binti?" dereva aliuliza.

"Kumwona mwalimu wangu."