Peni Mbili Zilizobanduliwa

Siagi ndiyo iliyoanza.

Jumanne ya tarehe tatu Februari, saa nne asubuhi, Glenys Trevorrow alifunua kibakuli cha siagi ili apake mkate, akakuta katikati pamebonyea. Lilikuwa shimo la mviringo, si kubwa kuliko kiganja cha mtoto. Ndani yake mlikuwa na paji la uso, macho mawili, pua na mdomo, vyote vimezama kwenda chini, kana kwamba mtu alilaza uso wake pale, kisha akauinua taratibu asiharibu kitu.

"Col, umeifanya nini siagi?"

"Nimeila," alijibu mumewe kutoka nyuma ya gazeti. "Si ndiyo kazi yake?"

"Njoo uone."

Col aliinuka, akaweka miwani sawa, akatazama.

"Huyo mama yako," alisema. "Nimemjua kwa mdomo. Hata kwenye siagi ananinunia."

Glenys alicheka, akachukua kisu. Lakini kabla ya kukwangua alisogeza kichwa kushoto, kisha kulia, na ule uso ukageuka naye. Haukumtisha. Alijua sababu. Uso uliozama humfuata mtu kwa macho kila aendako. Ni mchezo wa kivuli tu, na kwa miaka ishirini yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwaeleza hivyo wageni wa chama cha wakusanyaji sarafu pale Broken Hill. Akakwangua, akapaka mkate.

Katika mji ule wa migodi, mwenye sarafu iliyokosewa alipelekwa mtaa wa Wolfram kwa Glenys. Sarafu nzuri hazikumsisimua. Alipenda zile ambazo mashine iliteleza: zilizokatwa pembeni, zilizopigwa mara mbili, zilizotoka zikiwa hazina mwaka. Alizitazama kwa lenzi, akataja bei, na bei yake haikubishiwa.

Mwezi wa Januari mwanamke mmoja, aliyekuwa akisafisha nyumba ya marehemu baba yake, alimuuzia kopo la tumbaku. Ndani, katikati ya pamba na nta ya mshumaa, mlikuwa na peni mbili, sarafu za shaba za mwaka 1943, zilizoshikana. Kiwandani, enzi za vita, peni moja iligandama kwenye mashine badala ya kudondoka, na kipande kitupu cha shaba kilichofuata kikapigwa juu yake. Kichwa kilichoinuka cha ile ya kwanza kikazama kwenye ile ya pili. Pigo lilikuwa zito mno, uso ukatanuka, haukuwa tena wa mfalme wala wa mtu yeyote. Zikatoka zimeingiana hivyo, uso ndani ya uso.

Chini ya pamba kulikuwa na karatasi iliyoandikwa kwa penseli: *Zisitenganishwe.* Glenys aliisoma akakubali kwa kichwa. Kila mkusanyaji anajua kwamba pea ina bei kuliko moja moja. Lakini pia huwezi kuthamini uso usiouona. Alizilowesha kwenye mafuta siku mbili, akapenyeza kisu chembamba cha mfupa, akazibandua. Zilipoachana zilitoa sauti ndogo, kama ya mtu anayebandua ulimi kwenye kaakaa.

Mnunuzi wa mji wa Hobart, bwana mmoja aitwaye Pruett, alitaka ile iliyoinuka peke yake, akatoa dola elfu tisa. Glenys angeweza kungoja auze pea nzima kwa zaidi. Hakungoja. Alikuwa amekwisha kuipenda ile iliyobonyea, akataka ibaki kwake. Akaiweka kwenye droo ya kando ya kitanda, ile iliyoinuka akaitia posta.

Baada ya siagi ikawa sabuni ya bafuni. Kisha donge la unga alilolifunika kwa kitambaa ili liumuke. Alipolifunua, halikuwa limeumuka ila kuzunguka uso. Wakati huohuo ulianza mshindo. Watu wa mji ule wamezoea baruti za mgodini. Saa moja kasorobo, asubuhi na jioni, vikombe hutikisika kabatini na hakuna anayeinua kichwa. Huu ulikuja saa nane mchana, jua likiwa limewafungia watu wote ndani. Pigo moja zito chini ya sakafu ya chumba cha kulala. Du. Kisha harufu ya mafuta ya mashine na ya shaba mbichi, ile inayobaki mkononi ukishika peni kwa muda mrefu.

"Wamebadilisha saa za baruti?" Glenys aliuliza.

Col alikuwa amefanya kazi mgodini miaka thelathini na mmoja. Alisikiliza, mkono ukiwa ukutani.

"Hiyo si baruti," alisema kwa sauti ya chini. "Baruti hutoka upande mmoja kwenda mwingine. Hii imesimama palepale."

Hakufanya mzaha, na hilo lilimtia Glenys hofu kuliko mshindo wenyewe.

Ijumaa miwani ya Col ilianza kuteleza. Aliisukuma ikashuka, akaisukuma tena ikashuka hadi mdomoni.

"Miwani imechoka na mimi," alisema. "Nayo inataka talaka."

Glenys alimtazama, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yao alimtazama kwa jicho la kazi. Ukiwa na sarafu iliyolika, huanzi kutazama mahali palipozama. Unatazama palipoinuka, kwani ndipo panapoisha kwanza. Nyusi. Ncha ya pua. Mfupa wa shavu. Mdomo wa juu. Alivitazama kimoja kimoja usoni mwa mumewe. Kama angekuwa peni, angemshusha madaraja mawili ya ubora tangu Krismasi.

Hospitali walisema ni uvimbe wa joto, wakampa vidonge. Jumapili Col alijinyoa na wembe ukapita kutoka shavu hadi shavu bila kupanda popote. Alitoka bafuni na taulo mkononi.

"Glen," alinong'ona. "Niguse hapa. Pua yangu ipo?"

"Ipo."

"Usinidanganye, bibie."

Alimgusa. Palikuwa laini na baridi, kilima kidogo tu kama cha kidole kilichofunikwa kwa shuka. Wakashikana wakiwa wamesimama pale ukumbini, na nyuma ya Col, kupitia mlango wa chumba uliokuwa wazi, kwenye mto wa upande wake, mahali alipozoea kujilaza kifudifudi kila mchana, Glenys aliona uso umebonyea, wenye kina kuliko siku zote, na ndani yake pua ilikuwa ya Col.

Siku hiyo alimpigia simu Merv Rahmat, mtunza hazina wa chama chao. Babu zake Merv walikuja nchini na ngamia, wakasali kwenye msikiti wa mabati ulioko ukingoni mwa mji, na huko nyuma watu walikuwa wakimwendea nyanya yake kwa mambo ya namna hii. Merv mwenyewe alikuwa dereva wa treni aliyestaafu, mwenye kitambi na utani mwingi. Alipoingia na kumwona Col, utani ukamkauka mdomoni. Glenys alimsimulia yote, hata habari ya mto, kisha akafungua droo. Merv alitazama peni kwa mbali, mikono mfukoni.

"Shemeji, mwenzake yuko wapi?"

"Nimemuuza."

"Mungu wangu."

"Ni nini hiki, Merv? Niambie tu."

"Mimi si nyanya yangu. Yeye alikuwa akisema na majini kama majirani wa ng'ambo ya ua. Mimi nilikuwa nje nacheza kriketi." Alijifuta jasho. "Lakini nilimsikia akisema kuna jini asiye na sura. Si mbaya. Akipata sura ya kulalia, hulala. Huyu alikuwa amelala kifudifudi juu ya sura yake miaka themanini, wewe ukamwondolea. Sasa anatafuta ya kujaza lile shimo."

"Mbona Col? Mimi ndiye niliyezibandua!"

"Col ndiye aliyemwekea uso hapo kwenye mto, kando ya droo, kila mchana." Merv alipunguza sauti. "Mrudishie wake, shemeji. Upesi. Huu wa Col haumkai sawa, ndiyo maana anauchukua kidogokidogo. Anaupima."

Glenys alimpigia Pruett. Alisema angemrudishia zote elfu tisa na tisa nyingine juu, alisema peni ina matatizo, alisema mumewe ni mgonjwa, na mwishowe alilia tu kwenye simu. Pruett alikuwa mtu mwema. Alisema ataituma kesho yake asubuhi posta ikifunguliwa, bila faida.

Ilichukua siku nne. Siku ya kwanza Col aliacha kuvaa miwani. Siku ya pili hakuweza kunywa kwa kikombe kwa kuwa midomo haikuwa na cha kushikia, ikabidi anyweshwe kwa mrija. Siku ya tatu mshindo ulikuja mara tatu, saa nane, saa tisa na saa kumi, na kila pigo lilipotua Col aliinua mikono akajifunika, kama anayekinga kofi. Glenys aliutupa mto jalalani. Alipogeuka, shimo lilikuwa kwenye godoro.

Siku ya nne mleta vifurushi aligonga. Merv alikuwepo, Col amelala chumbani. Glenys alichana bahasha kwa meno, akatoa kijifuko, na kabla hajakifungua aliona mng'ao.

Hakuna anayesafisha sarafu. Ni jambo la kwanza analofundishwa mkusanyaji, hata kabla ya kufundishwa kuishika kwa ukingo. Lakini Pruett alikuwa na pesa na hakuwa na mwalimu. Peni iling'aa kama kitasa cha mlango. Uso ulioinuka ulikuwa umesuguliwa mpaka umekwisha, na kikaratasi chake kilisema kwa mwandiko mzuri: *Nimeipiga brashi ya mashine isije ikarudi na uchafu. Pole kwa mgonjwa.*

"Jaribu," alisema Merv. "Jaribu hivyohivyo!"

Alizifunika moja juu ya nyingine. Hazikushikana. Zilichezacheza zikigongana, shaba kwa shaba. Merv alifumba macho akaanza kusoma dua aliyoikumbuka kwa nyanya yake, taratibu, kisha kwa haraka, kisha akakwama. Alirudi nyuma neno moja, akakwama palepale. Nyumba nzima ilikuwa kimya, kiyoyozi kilikuwa kimezima chenyewe, na katika ukimya ule, wote watatu walihisi kwamba kitu fulani kimetulia kumngoja amalizie.

"Nimesahau," alisema Merv, akaanza kulia. "Shemeji, nisamehe, nimesahau mwisho wake."

Du.

Col alipiga kelele chumbani, kelele isiyo na herufi kwa kuwa hakukuwa tena na midomo ya kuitengeneza. Glenys alikimbia. Alimshika makwapani, akamburuta nje ya kitanda hadi ukumbini kwa Merv, akarudi ndani akafunga mlango kwa ufunguo.

"Shemeji, fungua! Unafanya nini?"

Alikuwa anapima. Alilitazama lile shimo godoroni kama alivyotazama kila kilichowahi kuletwa mezani pake, upana wa paji, umbali wa jicho na jicho, kina cha kidevu, akaona kwamba Merv alisema kweli, kwamba uso wa Col ulikuwa mpana mno na ulikuwa ukikwanguliwa kwa kulazimishwa kuingia, na akaona pia, kwa uhakika ambao haukuwahi kumdanganya, kwamba mashavu yale membamba na kidevu kile kifupi ni vyake, kwamba vingeingia bila kusukumwa, na kwamba huenda vilikuwa vikimngoja tangu siku aliyoinamia peni ile kwa lenzi saa nzima akiipenda, na mlango ukitikiswa nyuma yake na harufu ya mafuta ikimjaa kooni, akapanda kitandani, akavua hereni moja kisha ya pili, akavuta pumzi, akalaza uso wake mle ndani.

Uliingia sawasawa. Palikuwa na joto.

Merv alipovunja kitasa, Col alikuwa amesimama bega kwa bega naye, akijipapasa pua kwa mikono miwili, pua yake ileile kubwa iliyovunjika mgodini mwaka 1988, akicheka na kulia kwa pamoja. Godoro lilikuwa tambarare, shimo halipo. Glenys alisimama dirishani, amewapa mgongo, mkono wake mmoja ukiwa umeshika pazia.

"Glen! Glen, imerudi! Njoo uone!"

Hakugeuka.

"Bibie? Geuka basi nikuone."

Sauti ilipotoka ilikuwa nzito, ya mtu anayesema kupitia kitambaa kilicholowa.

"Merv atoke kwanza," alisema. "Halafu wewe, Col, uniahidi kwamba utanishika kabla hujanitazama."