Gabi la Baba Halikamuki

Bezawit alisimama mbele ya duka la vyombo vya umeme pale sokoni Merkato, matope yamempanda hadi kwenye vifundo vya miguu, akamwambia muuzaji anataka fundi wa mashine za kufulia, leo hii. Muuzaji akaita nyuma ya pazia. Akatoka Surafel.

"Hakuna mwingine?" Bezawit akauliza.

"Mwingine ameenda kula. Akirudi atasinzia. Mashine ina nini?"

Hawakuwa wamesemezana tangu Pasaka, baba yake Bezawit alipowarudisha wazee wa Surafel waliokuja kumposa. Bado alikuwa mzuri, mshenzi yule, mikono ya shati jeupe imekunjwa hadi viwikoni, na hilo lilimzidishia Bezawit hasira.

"Haikamui. Inazunguka kidogo, inasimama, inaanza upya, inasimama. Nguo inatoka inachuruzika maji."

"Twende."

"Na usinisemeshe njiani."

"Nani ana hamu na wewe?"

Nyumbani, ghorofa ya nne, mama alikuwa anakaanga buni. Alipomwona Surafel alitazama kikaango chake tu. Surafel akapiga magoti. Akafungua chujio: safi. Akapapasa mpira wa maji machafu: haukujikunja. Akaitikisa mashine: imekanyaga sawa. Akaingiza mkono ndani, akagusa gabi, lile shuka zito la pamba analojitanda baba, limejiviringa upande mmoja kama mbuzi aliyelala.

"Umelifua peke yake?"

"Ulitaka nilifue na nani?"

"Uzito wote uko upande mmoja. Mashine inajaribu kulisambaza, ikishindwa inagoma isije ikajivunja. Nipe mataulo."

Bezawit akamrushia mataulo usoni. Surafel akalikunjua gabi, akayatia mataulo upande wa pili, akafunga mlango. "Haraka ya nini hata hivyo?"

"Baba atalivaa keshokutwa, Jumapili. Kuna wazee wanakuja kuniposa. Wametumwa na mhandisi wa barabara."

Kidole cha Surafel kikaganda juu ya kitufe. "Atawafukuza, kama alivyofukuza wangu."

"Alishawafukuza. Wanarudi."

"Wanarudi?"

"Umezaliwa mji gani wewe? Baba gani anamtoa binti siku ya kwanza, kama anagawa karanga? Wazee wako hawakukwambia?"

Surafel akabonyeza kitufe. "Waliniambia. Nikaona nimetukanwa."

"Kumbe." Sauti ya Bezawit ilishuka, ikawa mbaya zaidi. "Nimekaa Jumapili baada ya Jumapili nimevaa gauni jipya, nasikiliza nyayo kwenye ngazi. Mashine haina akili, lakini imejaribu mara tatu ndipo ikagoma. Wewe ulijaribu mara moja."

Gabi likaanza kuzunguka, polepole, kisha kwa mvumo uliotetemesha vikombe vya mama. Surafel akatoa simu, bado yuko sakafuni, akampigia mmoja wa wazee wake.

"Gashe Tefera? Samahani, mzee wangu. Lile jambo la Pasaka… Ndiyo, nilikosea. Mnaweza kurudi kesho? Kesho, si Jumapili. Jumapili tutakuwa tumechelewa… Ndiyo, mzee. Nimesema nilikosea."

Akakata simu, akamgeukia Bezawit.

"Na baba yako akikataa tena?"

"Unawatuma tena."

"Mara ngapi, Beza?"

"Uliza hivyo mara nyingine," Bezawit akasema, "na atakayekataa ni mimi."