Radhi za Mlimani Suthep

Walikutana sokoni Warorot, pale mpini wa baiskeli ya Inson uliponasa mtandio wa waridi wa Lamduan, nusura umwangushe juu ya jiko lake la soseji.

"Kaka, ukitaka soseji omba. Usinivute kama mbuzi."

"Nataka soseji, mdogo wangu. Na jina."

"Soseji zipo. Jina limekwisha leo."

Kesho yake jina likapatikana. Tangu hapo, kila Jumapili Inson alipanda mlima Suthep kwa baiskeli, akashuka kalowa jasho, akaja kula mezani kwa Lamduan.

"Wenye akili hupanda gari," Lamduan alizoea kumwambia. "Wewe unalipia dhambi gani huko juu?"

Mama yake Lamduan alimpenda kijana, ila kwa sharti. "Bado mbichi. Asiyewahi kuvaa njano ya utawa, walau msimu mmoja, simpi binti yangu." Inson alisikia, akaongeza pilipili.

Mvua zilipoanza, akapiga simu.

"Lamduan, nisamehe yote niliyokukosea, kwa kujua na kutojua."

"Umenikosea nini?"

"Nisamehe kwanza, halafu…"

Simu ikakatika. Lamduan alipopiga, haikupatikana. Na Lamduan alikwisha kuumwa na dunia: mwanamume anayeomba radhi bila kutaja kosa, kosa limekaa ubavuni mwake limepaka rangi ya mdomo. Siku hiyo soseji zikazidi chumvi.

"Unalia nini?" mama akauliza. Alipoelezwa, akacheka hadi akashika meza. "Mtoto wa mjini wewe! Anayekwenda utawani huomba radhi kwa watu wake. Hata mimi kanipigia. Kesho asubuhi anavaa njano huko juu mlimani."

"Na hukuniambia?"

"Alitaka akwambie mwenyewe. Nenda, mwanangu. Akivaa kabla hujamsamehe, atakaa msimu mzima wa mvua na donge moyoni. Na hutaweza kumgusa; mtawa haguswi na mwanamke."

Maporomoko ya udongo yalikuwa yameziba barabara. Magari yaligeukia chini ya mlima. Lamduan akaazima baiskeli ya jirani, akafunga sketi kiunoni, akaipitisha kwenye tope. Ukungu ukamlamba uso, mapaja yakawaka. Kila kona alimtukana Inson. Kona za juu pumzi ya matusi ikaisha, likabaki jina tu.

Inson alikuwa kwenye ngazi za makao ya watawa, kavaa nguo nyeupe za anayengojea njano, kichwa kimenyolewa.

"Kumbe una masikio makubwa hivyo," Lamduan akasema, akihema.

"Umefikaje?"

"Kwa hasira. Nilidhani una mwanamke."

"Simu iliisha chaji. Nilipofika huku wakakusanya simu zetu zote."

"Sasa kwa nini hukusema mapema?"

"Niliogopa utanicheka."

Angecheka kweli, na wote wawili walijua.

"Mvua zikiisha nitarudi," Inson akasema. "Nitawaleta wazee wangu kwa mama. Utanikubali?"

Lamduan akamshika mkono, polepole, maana leo bado inaruhusiwa. Mtawa mzee aliyekuwa akifagia akageuka, akapendezwa ghafla na ukuta.

"Walete," Lamduan akasema. "Nimekusamehe yote, ya kujua na ya kutojua. Isipokuwa mlima huu. Huu nitakusimanga nao mpaka tuzeeke."

"Kila siku?"

"Jumapili nitakupumzisha."